Sare Arobaini na Moja Zilizokwisha Kulipiwa

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi, kabla ya wakati wake. Mkamwana wangu amehamishia cherehani zake mbili katika chumba changu cha mbele. Tumetoa makochi, tumeingiza meza ya kukatia. Bati linavuja juu ya dirisha, nasi tumeweka ndoo.

Shule ya hapa mtaani imetangaza kwamba kuanzia tarehe 12 Mei, muhula unapofunguliwa, kila mtoto avae sare mpya ya kijani. Mkamwana wangu ni fundi mzuri. Tangu mwanangu, mumewe, afariki mwaka jana amekuwa akishona katika karakana ya mtu mwingine na kulipwa kwa kipande. Sasa anataka kushona kwa jina lake mwenyewe.

"Mama, hii nikiikosa, nitarudi kule karakana kwa magoti," amesema. "Na yule bwana atanihesabia hata hatua za magoti."

Utaratibu wa mafundi sare ni mmoja: mzazi hulipa yote kabla mkasi haujagusa kitambaa, na kitambaa hununuliwa kwa fedha hiyo. Lakini wazazi wengi hapa wanafanya kazi mbali na hutuma fedha kwa simu. Anahitaji njia ya kupokelea malipo mtandaoni, nafuu na ya uhakika. Nimeahidi kumchagulia. Nilifundisha miaka thelathini na minne, mkataba haunitishi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimechora jedwali la safu tatu.

Benki: wanatoa mashine ya kadi, wanataka amana, kisha ada kila mwezi, uwe umeuza au hukuuza. Kampuni ya simu: haina ada ya mwezi, lakini hukata fedha inapoingia na inapotoka, kama msumeno. Ya tatu ni kampuni mpya ya mtandaoni. Inakupa ukurasa wenye picha ya bidhaa yako. Mzazi analipa kwa simu au kadi akiwa popote. Inakata asilimia moja tu. Tangazo lake linasema: "Pokea fedha zako kesho yake!"

"Hii hapa, Mama. Rahisi."

"Rahisi ni neno la kuogopwa."

"Basi wewe iogope, mimi niitumie."

Tumecheka. Mvua ilikuwa nyingi hata ikatubidi kucheka kwa sauti ya juu ili tusikiane.

Jumatatu, 10 Machi

Nimesoma masharti yote ya kampuni hiyo, kurasa ishirini na tatu, kwa miwani na penseli. Nadhani mimi ni mtu wa kwanza kuyamaliza. Sharti la kumi na nne nimelipigia mstari: fedha ya mteja huachiliwa muuzaji anapothibitisha kwamba amekabidhi bidhaa, au siku za kukabidhi zinapotimia. Nikaona ni haki kwa mzazi.

Akaunti tumeifungua kwa jina langu, kwa sababu kitambulisho changu na akaunti yangu ya pensheni vilikwisha kuhakikiwa. Neno la siri ninalo mimi peke yangu. Kisha tukajaza fomu. Swali la tisa: "Bidhaa humfikia mteja baada ya siku ngapi?"

Mkamwana alikuwa akimpima binti wa jirani, pini mdomoni. "Andika moja, Mama. Wote huandika moja."

"Sare hushonwa kwa siku moja?"

"Haishonwi."

"Basi."

Nikaandika 45. Nilimweleza kwamba fomu ni ushahidi, na ushahidi hautolewi kwa mazoea. Aliitoa pini mdomoni kana kwamba atasema jambo, kisha akairudisha.

Jumanne, 11 Machi

Mvua kutwa.

Ijumaa, 14 Machi

Tumekubaliwa. Mkamwana ameandika tangazo la kubandika kwenye ukuta wa shule. Nimelisahihisha mahali panne. Aliniomba nitie sahihi yangu chini yake.

"Kwa nini mimi? Fundi ni wewe."

"Mama, nusu ya wazazi hawa umewafundisha kusoma. Jina lako ndilo watakaloliamini."

Nimetia sahihi. Sikatai kwamba nilifurahi.

Jumatatu, 24 Machi

Tumefunga orodha leo. Sare arobaini na moja, zote zimelipiwa. Mwenye gereji amelipia tatu akiwa chini ya gari, mkono mmoja ukiwa na spana. Mfagizi wa hospitali, ambaye pia alikuwa mwanafunzi wangu, alikuja mwenyewe kwa ajili ya wanawe wawili. Aliishika simu muda mrefu.

"Mwalimu, ni salama?"

"Ni salama."

Akalipa palepale mbele yangu.

Ndoo za dirishani sasa zimekuwa mbili.

Jumatano, 26 Machi

Fedha yote inaonekana kwenye skrini, haijapungua. Pembeni yake pameandikwa "Inasubiri". Mkamwana anaifungua kila baada ya saa moja. Nimemwambia maji yanayotazamwa hayachemki upesi.

Ijumaa, 28 Machi

Bado inasubiri. Nimepiga simu kwa kampuni. Binti aliyepokea ana sauti nzuri na adabu nyingi.

"Mama, naona hapa umeandika siku arobaini na tano. Kwa hiyo fedha zako zitaachiliwa siku ya arobaini na tano tangu kila mteja alipolipa."

"Tangazo lenu linasema kesho yake."

"Ni kesho yake kwa anayekabidhi siku hiyohiyo, Mama."

"Je, naweza kuibadilisha ile fomu?"

"Kwa malipo yaliyokwisha kuingia, hapana. Kuna jambo jingine ninaloweza kukusaidia?"

Nimeketi na kalenda. Fedha ya kwanza itatoka mwanzoni mwa Mei na ya mwisho tarehe 8. Kushona sare hizo kunahitaji wiki tatu kamili, na muhula unafunguliwa tarehe 12. Sharti la kumi na nne nililisoma kama mzazi anavyolisoma. Sikulisoma kama fundi.

Mkamwana nilimwambia jioni. Hakunilaumu. Alichukua kitambaa cha kufutia na kuzifuta cherehani zote mbili, ambazo hazikuwa na vumbi.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua imekata barabara kuu mahali pawili. Mikate imechelewa hadi saa tano.

Alhamisi, 3 Aprili

Tumekwenda dukani kwa muuza vitambaa, ambaye mtaa mzima humwita Mita, kwa sababu hasemi sentensi tatu bila kuitaja. Ana majora tisa ya kitambaa cha kijani. Barabara ikiwa imekatika, mengine hayatafika kabla ya muhula. Tunahitaji yote tisa.

Nilimwonyesha skrini. Aliitazama kwa makini.

"Mwalimu, fedha yako ni kama mwezi. Tunauona sote, hakuna anayeufikia."

"Nipe kitambaa, nitakulipa tarehe 8 Mei. Nitakuandikia."

"Mimi nakuheshimu. Lakini heshima haina upana wala urefu. Niipime kwa mita ngapi?" Kisha akapunguza sauti na kumtazama mkamwana. "Bosi wako wa zamani amemtuma mtu. Anayataka yote tisa, kwa fedha taslimu. Nimemwambia kuna mtu mbele yake. Nitamwambia hivyo mpaka Alhamisi, tarehe 17. Zaidi ya hapo nitakuwa nasema uongo, na mimi ni mtu mzima."

Jumatatu, 7 Aprili

Pensheni yangu ya mwezi hununua nusu jora. Chama cha akiba cha walimu wastaafu hutoa mkopo baada ya miezi miwili. Nimeuliza pia kwa masonara bei ya pete yangu. Sitaandika walichonijibu.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Mkamwana amekata vielelezo vyote vya karatasi vya kukatia kitambaa, arobaini na moja, kila kimoja na namba yake. Vimelala mezani vikiwa vimewekewa mawe.

Alhamisi, 10 Aprili

Mwenye gereji amepita na kuchungulia. "Mwalimu, sioni kijani humu. Au mwaka huu watoto watavaa magazeti?" Alicheka. Mimi nilitabasamu. Mkamwana aliingia ndani.

Nimekuwa nikimwona kuwa mtu wa kukimbilia mambo. Wiki hii namwona tofauti. Siku ya ile fomu alijua, akanyamaza, kwa sababu aliniheshimu kuliko alivyojiamini. Sijui kama hilo ni jambo la kumsifia au la kujilaumu.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo amesema. Nilikuwa nikimwaga ndoo.

"Mama, kuna kitufe."

"Nakijua."

"Kimeandikwa 'Nimekabidhi'. Ukikibonyeza, fedha inatoka kesho yake."

"Hatujakabidhi."

"Tutakabidhi."

"Hilo ni jambo jingine."

"Kwako. Kwa mtoto atakayesimamishwa nje ya geti la shule ni lilelile." Alikuwa akiongea polepole, kama mtu aliyeyapanga maneno kwa siku nyingi. "Ningekibonyeza mwenyewe nisikusumbue, ila neno la siri unalo wewe. Mama, wazazi hawaombi ukweli. Wanaomba sare."

"Wameniamini mimi."

"Ndiyo. Na ukiwaacha bila sare, watakuamini zaidi?"

Nilirudisha ndoo mahali pake. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, miguu juu ya kanyagio, akaiendesha bila uzi na bila nguo. Sindano ilipanda na kushuka juu ya chuma kitupu. Nilitaka kumwambia aache, ataivunja. Sikuona kama nina haki.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua. Sikutoka.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimebonyeza.

Nilianza saa mbili asubuhi. Nilidhani ni mara moja, kumbe kila sare ina kitufe chake. Kila nilipobonyeza, skrini iliniuliza: "Una hakika?" Arobaini na moja mara mbili. Mkamwana alisimama nyuma yangu akisoma orodha, nami nikimfuata kwa kidole. Tulipofika kumi hivi, mkono wangu ulikuwa umezoea. Hilo ndilo lililonishtua zaidi ya yote leo asubuhi: jinsi mkono ulivyozoea upesi.

Nilijiambia kwamba uongo huu ni wangu na wa mashine, na kwamba utakufa tarehe 12 Mei bila mtu kujua.

Saa sita kasoro robo simu za mtaa mzima zililia. Jirani alikuwa wa kwanza kuita kupitia ukuta. "Mwalimu! Simu inasema nimepokea sare ya binti yangu. Mbona bado yuko na gauni la bibi yake?"

Alinipitishia simu juu ya ukuta. Ujumbe ulisema: "Muuzaji amethibitisha kwamba umepokea bidhaa yako. Kama hujapokea, jibu HAPANA kabla ya saa sita mchana kesho. Usipojibu, tutahesabu kwamba umepokea."

Nilikwenda kwenye masharti na kufungua la kumi na tisa. Nilikuwa nimelisoma na hata kuweka alama ya vema pembeni: jibu moja la HAPANA husimamisha akaunti nzima kwa siku tisini, ili kuwalinda wateja dhidi ya matapeli. Sikujua kwamba ninasoma habari zangu.

Kwa hiyo mchana huu nimevaa viatu vya mpira, nimechukua mwavuli na orodha, na kwenda nyumba kwa nyumba kuwaomba wazazi wasiseme kweli.

Nilijiandaa kwa hasira. Nilikuwa tayari nayo. Hakuna aliyekasirika. Muuza matunda alisema, "Hilo tu, Mwalimu? Umelowa kwa ajili ya hilo?" Kinyozi alifuta ujumbe mbele yangu kabla sijamaliza kueleza. Mwenye gereji alitoka chini ya gari, akaufuta mkono wake kwenye ovaroli na kuushika wangu.

"Ah, Mwalimu! Kumbe na wewe ni mtu!"

"Nitaikabidhi sare kabla ya tarehe 12."

"Hata usinipe tarehe. Mimi gari la mtu likiwa halijaguswa namwambia limebakiza boliti mbili. Ndivyo tunavyoishi." Aliwaita vijana wake wa kazi. "Njooni mumwone mwalimu wangu. Huyu alinichapa kwa sababu nilisema nimefanya hesabu na sikufanya!"

Walicheka kwa upendo. Kila nyumba ilinichangamkia kuliko iliyotangulia, na kila nilipotoka nilitembea kwa shida zaidi.

Nyumba moja ilikuwa imefungwa, ya mfagizi wa hospitali. Jirani yake alisema yuko zamu.

Jumanne, 15 Aprili

Nimerudi kwake saa moja asubuhi. Hajarudi. Nimekwenda hospitalini, getini wakasema majina ya wafagizi hawayajui.

Saa sita na dakika moja skrini imebadilika. "Imesimamishwa. Mteja mmoja amejibu HAPANA. Tumempa mteja nafasi ya kuhakiki jibu lake hadi kesho saa sita mchana." Hawakusema ni nani. Hawakuhitaji.

Mita ametuma ujumbe: "Mtu wa karakana amekuja na gari la kubebea."

Mkamwana hakula. Mvua haikukatika hata kidogo, na ndoo tatu zimejaa.

Jumatano, 16 Aprili

Nitaiandika ilivyokuwa.

Mfagizi wa hospitali amekuja mwenyewe, saa tano na nusu, akiwa bado na gauni la kazi, amelowa mabegani. Nilimpa kiti. Mkamwana alisimama kwenye mlango wa ndani na mkasi mkononi, ingawa hakuwa na cha kukata.

"Mwalimu, nimeambiwa ulikuja kwangu mara mbili, na hospitalini."

"Nilikuja."

"Simu iliniuliza kama nimepokea. Sijapokea. Nikajibu hapana."

"Ulijibu sawasawa."

Nilisikia mkamwana akivuta pumzi.

"Leo imeniuliza tena. Inasema huenda nimekosea." Aliiweka simu mezani, kati ya vile vielelezo vya karatasi. Kioo chake kina ufa. "Mambo ya kampuni mimi siyajui. Nililipa kwa sababu uliniambia ni salama. Sasa nimekuja uniambie: nilikosea?"

Nilimweleza yote. Fomu, siku arobaini na tano, kitambaa, barabara, kesho. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama ninavyoeleza siku zote. Nilimwambia kuhusu watoto thelathini na tisa wengine. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana," alisema. "Lakini sikuulizi habari za watoto wa watu, Mwalimu. Nakuuliza nijibu nini. Ukisema ndiyo, naandika ndiyo."

"Dada, ni neno moja tu," mkamwana alisema.

"Siongei na wewe, mdogo wangu. Naongea na Mwalimu."

Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi na mbili. Nilimtazama mkamwana wangu. Hakunisihi. Kama angenisihi huenda ningekataa. Alisimama tu, na nikaona jinsi mwaka huu mmoja ulivyomkondesha shingo, nikamwona akirudi karakana, akihesabiwa hatua.

"Andika ndiyo," nilisema.

Aliichukua simu. "Herufi kubwa au ndogo?" Aliuliza kwa dhati, kama zamani alipokuwa akitaka imla iwe safi.

"Vyovyote."

Sijawahi kumwambia mwanafunzi neno hilo. Alinitazama kidogo, akaandika, akanigeuzia skrini nione, kisha akatuma. Aliondoka bila kunywa hata maji.

Alhamisi, 17 Aprili

Fedha imeingia. Majora tisa yamo chumbani.

Jumatatu, 28 Aprili

Mkamwana anashona tangu saa kumi na moja alfajiri. Mimi natia vifungo. Hatuongei sana, ila ananiimbia.

Jumamosi, 10 Mei

Sare zote arobaini na moja zimetoka. Wazazi walijaa barazani wakitaniana. Mwenye gereji alitaka kupiga picha nami.

Mfagizi wa hospitali alikuja wa mwisho na wanawe wawili. Aliwavalisha palepale, akageuza pindo, akavuta kila kifungo, akatazama mishono kwa ndani. Hakuona kasoro, maana haikuwapo.

"Umeshona vizuri, mdogo wangu," alimwambia mkamwana. Kisha alinigeukia, akainama kwa heshima ile anayopewa mtu yeyote mwenye mvi unapompisha njiani.

"Asante, mzee."

Watoto wake walimfuata, kijani kitupu, hadi kona.

Mchana ameingia mwalimu wa michezo na oda ya jezi ishirini. Kila bidhaa mpya ina fomu yake. Neno la siri nilikwisha kumpa mkamwana, kwa hiyo amejaza mwenyewe, upesi, huku akitafuna mkate. Wachezaji kumi na wawili walilipa kabla ya jioni, naye akawabonyezea wote kumi na wawili "Nimekabidhi" kabla ya kuosha mikono. Nilikuwa nimekaa naye mezani. Nilikisikia kila kitufe.

Baadaye alinisogezea ile fomu niipitie, kama kawaida yetu. Kwenye swali la tisa ameandika 1.

"Kuna kosa lolote, Mama?"

Nimemwambia hakuna.